Fasi Yenye Haina Upepo

Nyamitanga, Mbarara
9 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka ng'ambo hii ya mto Rwizi. Mimi ni mzima, kikohozi cha Januari kimekwisha. Chumba ni kile kile, dirisha bado linatazama ukuta wa masista. Sidonie niliyekuwa nikikaa naye ameolewa Kabale, kwa hiyo sasa napika kwenye sufuria ndogo kuliko zote na bado chakula kinabaki. Mguu wako unaendeleaje? Mama Prince na mbuzi wake wamepatana?

Barua hii anakuletea Kabanda, dereva wa lori la mahindi. Ameniuliza, “Nyinyi wawili mna simu, mbona mnanifanya posta?” Nikamwambia akuulize wewe. Sikutaka kumweleza kwamba tangu simu ya baba ilipokatika katikati ya neno, usiku ule wa 2021 watu walipoikimbia volkano ya Goma, wewe huiamini tena simu kwa jambo lenye uzito. Nami nimezoea. Kwenye simu ningesema niko salama, ungesema uko salama, tungekata.

Chuo kimenichukua mwaka mmoja nisaidie kwenye maabara ya tope. Usicheke. Bomba refu linasukumwa kwenye sakafu ya ziwa, na likivutwa linatoka na tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka: la juu ni la mwaka huu, la chini ni la zamani kabla Ankole haijawa na mfalme. Tunalipasua bomba kwa urefu. Nusu moja tunaikata, tunaichoma, tunaitazama kwa hadubini. Nusu ya pili tunaifunga na kuiweka kwenye friji, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Inawekwa kwa ajili ya watu watakaokuja na maswali ambayo sisi bado hatujayajua. Nusu ile ninaipenda. Wakati mwingine nafungua friji bila sababu.

Tunachotafuta ni alama za volkano, ili kujua milima ilivyobadilisha mvua na joto la nchi hizi kwa maelfu ya miaka. Unajua kwa nini nilichagua kazi hii.

Kabazana, mabasi ya wakimbizi yanapofikia, kuna habari gani?

Mwanao,
Umuhire


Nakivale, tarehe 2, mwezi wa tatu, 2025

Umuhire mutoto wangu,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Sisi tuko, Mungu anatulinda. Muguu unaniuma asubui tu, kisha unazoea. Mbuzi ya Mama Prince iliingia mu kanisa siku ya Mungu, ikakula kitambaa cha madhabau mbele ya muchungaji mupya. Muchungaji akasema haiko kitu, na yeye ni kiumbe. Mama Prince akalia na haya. Sasa ile mbuzi batu banaiita Diakono, ndiyo shemasi.

Usiache chakula kibaki. Kula.

Kabazana nilienda siku ya pili na siku ya tano ya juma, kama desturi. Tangu vita iingie Goma, mabasi inafika imejaa. Batu banashuka na magodoro, na sisi benye kungojea tunasimama ku senyenge, kila mutu anaita kwao. “Rutshuru!” “Masisi!” Mimi naita, “Numbi! Kalehe, Numbi!” Kuna wakati mutu anageuza kichwa, na mimi naita tena. Juzi mama mumoja wa kwetu alishuka. Nikamuuliza kama aliona kaka yangu Semahoro, mwenye ng'ombe, mwenye kutembea anaangalia chini kama aliangusha kitu. Akasema anamujua sana, lakini hajamuona kisha ile mwaka ya volkano. Haya. Nitarudi siku ya pili.

Sasa nieleze. Matope ya ziwa naijua, ndiyo inaniangusha nikienda kuteka maji. Lakini mulima wa moto unafanya nini ku mvua? Huku mvua imechelewa. Majirani balinipandia maharagi, unajua mimi sigusi mbegu, na sasa bananiangalia kama ni mimi nilifunga mawingu.

Shangazi yako,
Nyirabizimana


Nyamitanga, 23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Nimecheka peke yangu kwa ajili ya Diakono, mpaka sista mmoja akagonga ukuta. Nashukuru. Hapa mvua imeanza na Rwizi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kanisa nimepata la Biharwe, lakini wanaimba Kinyankole na mimi nakaa nyuma.

Umeuliza mlima unafanya nini kwa mvua. Nitakueleza kama ninavyojieleza mwenyewe.

Majivu siyo yenye nguvu. Majivu huanguka, mvua huyaosha. Chenye nguvu ni moshi wa salfa, ule unaonuka kama yai bovu. Mlima mkubwa ukilipuka kwa hasira huurusha moshi huo juu kabisa, kupita mahali mvua inapozaliwa, ambako hakuna cha kuuosha. Huko unageuka ukungu mwembamba unaozunguka dunia nzima kwa mwaka mmoja au miwili, na sehemu ya jua inarudishwa ilikotoka. Dunia inapoa. Mahali pengine mvua inapotea njia. Mwaka 1815 mlima mmoja ulilipuka Indonesia, na mwaka uliofuata mazao yaliharibika kwa baridi mashambani huko Ulaya katikati ya kiangazi. Watu walikufa njaa bila kujua kwamba ni mlima, tena mlima ambao hawakuwahi kuusikia.

Kisha ukungu hushuka na jua hurudi. Mlipuko mmoja, hata uwe mkubwa, dunia huusamehe. Ubaya ni wa pili ukija kabla wa kwanza haujapona. Bahari ndiyo yenye kumbukumbu: inaipokea baridi na kuishusha kilindini. Barafu ya kaskazini inatanuka, na kwa kuwa ni nyeupe, nayo inalirudisha jua. Basi anga linakuwa safi lakini baridi haitoki. Ilitokea miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Mlima mmoja, kisha baada ya miaka michache tu mwingine, na baridi ikakaa vizazi.

Mama alikufa wakati mpaka wa nchi umefungwa kwa sababu ya korona, na baba hakuweza kuja kumzika. Kabla hata nyasi hazijaota juu ya kaburi, simu ya baba ikanyamaza. Sisemi zaidi ya hapo.

Kuna mizunguko mirefu kuliko hiyo. Barafu nene ikiyeyuka, mzigo juu ya miamba unapungua, na milima iliyokuwa imekandamizwa inaanza kupumua tena. Halafu kuna hewa ukaa, ambayo milima huitoa polepole hata bila kulipuka. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutiririka kama maji na kujaa mabondeni. Kwa mamilioni ya miaka hewa hiyo ndiyo iliyoifunika dunia isigande, na mvua ikawa inairudisha tena kwenye mawe, polepole, ili isizidi. Mlima huo huo unapoza kwa miaka miwili na kupasha joto kwa miaka milioni. Sijawahi kukutana na kitu kizuri kama hicho, shangazi. Nakiwaza hata nikifua.

Tope la ziwa Nakivale lililetwa hapa mwezi uliopita. Nimetazama sehemu ya juu kabisa, ya mwaka 2021, nikitafuta chembe za mlima wa Goma. Hakuna. Pengine upepo ulielekea kwingine. Tena mlipuko ule haukufika juu, haukubadilisha chochote katika hali ya hewa ya dunia. Kwa dunia ule haukuwa kitu.

Umuhire


Nakivale, tarehe 4, mwezi wa tano, 2025

Umuhire mutoto wangu,

Nakusalimia. Natumaini uko muzuri na unakula. Barua yako niliipata mbele ya Pasaka, unisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikuja, maharagi iko sawa. Diakono alizala mapacha. Mama Prince alisema atamupa muchungaji mumoja, muchungaji akasema kitambaa kinatosha.

Barua yako niliisoma mara mingi. Nataka kukuuliza juu ya ile hewa nzito yenye kujaa mu mabonde. Mutu akiivuta, anasikia maumivu? Anajua kama anakufa? Nauliza tu, juu ulieleza vizuri.

Kuna neno ingine. Matanga ya baba yako iko wazi tangu mwaka ine. Unajua desturi yetu, nyumba yenye matanga haitupe mbegu kwa mukono wake, na mutoto wa marehemu ndiye anapiga jembe ya kwanza siku ya kuitosha, ya kuimaliza kabisa. Mimi siwezi kuitosha bila weye, uko mutoto wake peke yako. Majirani bamenipandia misimu mingi, bamenyamaza, lakini naona. Na haiko juu yao. Ni mimi. Naamuka asubui, mikono yangu haina kazi, inabaki kukamatana yenyewe.

Nakuomba ukuje mbele ya mvua ya mwezi wa kenda. Tukae, tuombe, tutoshe matanga, tupande.

Shangazi yako,
Nyirabizimana


Nyamitanga, 18 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu. Niko salama. Nafurahi kwa maharagwe na kwa mapacha.

Kuhusu hewa. Ikiwa kidogo, kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio. Ikiwa nyingi, hapana, hakuna nafasi ya maumivu. Mtu anazimia baada ya pumzi chache, kama taa iliyoishiwa mafuta. Kando ya ziwa Kivu watu wanaiita mazuku, upepo mbaya. Inalala kwenye vishimo, na asubuhi wenye mifugo wanakuta mbuzi wamelala kana kwamba wanaota jua. Wenyeji wa kule wanavijua vishimo vyao. Ni wageni wasiovijua.

Sasa neno lako lingine.

Umeandika “marehemu”. Nimelitazama neno hilo muda mrefu. Nani amekuambia? Sina mwili, sina kaburi, sina hata mtu mmoja aliyesema nilimwona. Unataka nipige jembe juu ya kitu ambacho hakuna anayekijua.

Nikuambie jinsi sisi tunavyokubali jambo. Kabla ya ule mlima wa Indonesia kulikuwa na mwingine, mwaka 1809 au karibu na hapo. Hakuna mtu aliyeandika kwamba aliuona, na mpaka leo hakuna anayejua ni mlima gani. Ila wataalamu wote wanakubali kwamba ulilipuka. Kwa nini? Kwa sababu salfa yake imo kwenye barafu ya kaskazini ya dunia, na imo pia kwenye barafu ya kusini. Ncha mbili ambazo hazijawahi kuonana zinasema mwaka mmoja. Mlima hauna jina wala mahali, lakini una mashahidi wawili.

Mimi sina hata mmoja. Niletee barafu mbili, shangazi, nami nitakuja na jembe mkononi. Bila hivyo usinizikie baba.

Nisamehe ukali. Nimeandika mara moja bila kurudia, kwa sababu nikirudia nitalainisha, na sitaki.

Umuhire


Nakivale, tarehe 15, mwezi wa sita, 2025

Umuhire,

Nilipata barua. Kabanda aliangalia uso wangu nikisoma, akauliza, “Mama, ni mambo mubaya?” Nikasema ni habari ya barafu. Akasema yeye anatoka Mbarara kila juma, barafu ya kule iko tu mu friji ya soda, haiwezi kutisha mutu.

Asante kwa jibu ya ile hewa. Nililihitaji.

Muguu unauma zaidi, juu siku hizi natembea mingi. Nilifika Juru, upande ingine wa kambi. Juma ijayo nataka kufika Rubondo. Usiniulize.

Kula vizuri.

Nyirabizimana


Nyamitanga, 3 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Wiki zimepita sijapata neno kutoka kwako. Kabanda anasema u mzima, alikuona barabarani na fimbo. Nimemuuliza ulikuwa unaelekea wapi, akasema, “Huyo mama? Siku hizi anaelekea kila mahali.”

Chuo kimefungwa. Wanafunzi wamekwenda kwao, maabara nimeachiwa ufunguo. Asubuhi nafungua, jioni nafunga, na kuna siku nzima inapita sijasikia sauti yangu. Juzi nilisalimiwa sokoni na mama wa nyanya, nikajibu kwa sauti kubwa mno, akashtuka.

Kwa kuwa sina mtu wa kusema naye, nimezitoa barua zako zote na kuzipanga kwa tarehe. Nimezisoma kama ninavyosoma tope.

Katika kila barua, tangu mwaka juzi, kuna Kabazana. Siku ya pili, siku ya tano, mabasi, senyenge, Numbi. Hata ulipokuwa na malaria uliandika kwamba ulimtuma Mama Prince aende akuitie. Mwezi wa tatu Kabazana ipo. Mwezi wa tano haipo. Mwezi wa sita haipo. Katika kazi yetu, tabaka likikosekana, mgeni husema mwaka ule hakukutokea kitu. Sisi tunafundishwa kuuliza ni nini kililikwangua.

Umeacha kwenda Kabazana. Mtu huacha kutafuta akichoka. Wewe hukuchoka, unatembea mpaka Juru kwa mguu mbovu. Au huacha akipata.

Na uliniuliza habari ya hewa nzito kabla ya kuniomba jembe. Ulisema unauliza tu. Nami nilikujibu kama mwalimu mbele ya ubao. Niliandika mbuzi wamelala kana kwamba wanaota jua. Nimeikumbuka sentensi hiyo leo, nikaweka kalamu chini.

Niambie, shangazi. Niambie kwa barua.

Umuhire


Nakivale, tarehe 24, mwezi wa nane, 2025

Umuhire mutoto wangu, mutoto wa kaka yangu,

Amani ya Bwana iwe na weye. Leo sina habari ya mbuzi.

Ilikuwa mwezi wa ine, siku ya tano ya juma. Niliita Numbi, mwanaume mumoja akageuka. Ni Rutayisire, mwenye kutengeneza fromage, ile jibini ya kwetu, baba yako alikuwa anamuletea maziwa. Alinijua mbele nimujue. Hakungoja niulize. Alikamata ile senyenge na mikono mbili, akasema, “Dada ya Semahoro, nilikuwa namuomba Mungu nisikukute.”

Balikuwa bamepeleka fromage Goma. Ile usiku Goma yote ilikimbia, balikuwa pamoja mu njia ya kwenda Sake. Batu balilala kandokando ya barabara kama maharagi yenye kumwagika. Baba yako alikuwa amepata fasi ku baraza ya duka, ukuta nyuma yake, fasi nzuri. Kukaja mama na mutoto muchanga. Akasimama, akabapatia fasi, akabapatia na blanketi yake. Rutayisire akamuambia akuje bajibane pale pamoja. Akakataa. Unamujua. Alisema, “Muchungaji wa Numbi halale ku upepo.” Akashuka mu kashimo chini ya migomba. Kwetu ku milima ni vile tunafanya, baridi ikipita juu, mutu anajificha chini na ng'ombe zake. Akaita kutoka kule chini, “Nimepata fasi yenye haina upepo. Mulale.”

Asubui balimukuta analala ubavu, mukono chini ya shavu. Rutayisire anasema batu ba pale balipiga kelele basishuke, balimuvuta na kamba. Alizikwa pale juu, mu mawe ya volkano. Udongo haukukuwa, balipanga mawe.

Hii ndiyo nilijua tangu mwezi wa ine. Utaniuliza juu ya nini nilinyamaza. Barua yako ilikuwa mu sanduku langu, ile ya hewa nzito. Uliandika haujakutana na kitu kizuri kama kile. Nikasema, huyu mutoto anapenda kitu chenye kiliua baba yake, na hajue. Nikimuambia, atapoteza baba na kazi siku moja, na atabaki mu kile chumba na nini? Nikataka utoshe matanga bila kujua. Nilikosa akili, wewe si mutu wa kufanya kitu bila kujua. Ndiyo ukaomba barafu mbili.

Rutayisire ni moja. Nilitembea kutafuta ya pili. Alikuwa amesikia yule mama aliingia Uganda, lakini fasi gani, hajue. Juru hakukuwa. Rubondo nilienda mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nilipata Ancilla, anauza sambaza, zile samaki ndogo ndogo, ku meza. Nikamuuliza kama alikimbia Goma na mutoto, kama kuna mutu alimupa fasi. Hakujua jina lake. Alisema tu, “Ni ule muzee mwenye hakupenda upepo?” Mutoto wake anaenda sasa mu maternelle, shule ya batoto badogo. Blanketi iko. Ni ile ya kijivu, kona moja mama yako aliishona na uzi mwekundu. Nilikamata ile kona. Sikuichukua, mutoto angali anailalia.

Hizi ndizo barafu zangu. Hazionani, Rutayisire hakujua jina ya Ancilla, Ancilla hakumujua Rutayisire. Zimesema usiku mumoja.

Na neno la mwisho, nisibaki nalo. Mwezi wa pili nilikuwa nateka maji. Nikaona mutumbwi, batu banasukuma bomba mu ziwa, na mumoja amevaa koti ya kuelea rangi ya machungwa, anasimama kama baba yake. Uliangalia upande wa nyumba mara mingi. Sikuita. Nikasema ataniandikia. Ukaandika tope “lililetwa”.

Sikukasirika. Nilitaka tu ujue kama nilikuona.

Nyirabizimana


Nyamitanga, 31 Agosti 2025

Shangazi,

Mashahidi wametosha.

Ulikuwa na hofu kwamba nitaichukia kazi. Nilipomaliza kusoma nilikwenda maabara, nikafungua friji, nikakaa chini mbele ya ile nusu isiyoguswa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilingoja chuki ije. Haikuja, na hilo ndilo limeniogopesha zaidi. Hewa ile ndiyo iliyofanya kuwe na dunia ya kuchungia ng'ombe. Haikumjua baba. Miaka minne nimeusoma mlima nikitaka uwe na sababu, hata sababu mbaya. Hauna. Mwenye sababu alikuwa baba, na sababu yake ilikuwa mtoto asipate baridi.

Siku ile ziwani nilimwambia mwenzangu natazama mawingu. Moshi wa jiko lako ulikuwa unapanda wima. Niliogopa kwamba nikiingia nitakaa mkekani, nawe utalisema neno. Nilidhani lisiposemwa, halijawa.

Nitakuja na Kabanda Jumamosi ya tarehe 13. Mwite Rutayisire. Mwite Ancilla na mtoto. Niandalie jembe la mpini mfupi, nimesahau kulima.

Umuhire


Nakivale, tarehe 19, mwezi wa kumi, 2025

Umuhire mutoto wangu,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Muguu uko vizuri juu umepumzika. Maharagi imetoka. Mustari wako wa kwanza umepinda mpaka unaingia kwa Mama Prince, kila mwenye kupita anauliza ni mulevi gani alilima hapa. Nabaambia ni mwanafunzi wa universite. Banasema basi ndiyo sababu. Sitaunyoosha.

Mikono yangu inanuka udongo. Nilikuwa nimesahau.

Ancilla alipita na mutoto, aliniletea sambaza. Mutoto anaogopa Diakono, lakini anarudi kila mara amuangalie. Rutayisire anasema vita ikituacha, siku moja atakuonyesha ile fasi, ameweka alama mu kichwa chake.

Siku ya pili nilienda Kabazana. Sijue juu ya nini, miguu yenyewe ilienda. Basi ikafika, batu bakaanza kushuka, na kinywa changu kikafunguka kwa mazoea. Nikakifunga. Sina tena wa kuita. Nikasimama pale kama mutu aliyeingia mu nyumba na kusahau alifwata nini.

Pembeni yangu kulikuwa mwanamuke kijana, mupya ku ile senyenge, anaita Bunyakiri. Aliita na sauti ya chini, kama anaomba ruhusa. Nikamuambia, “Mama, hivi habatakusikia, motere ya basi inakushinda.” Akajaribu tena, sauti ikakatika. Anatafuta bwana yake tangu mwezi wa pili.

Basi ya mwisho ilipoingia hakuweza tena. Nikaita mimi. “Bunyakiri! Kalehe, Bunyakiri!” Unaijua sauti yangu, askari alitoka kuangalia.

Hakuna mwenye aligeuka.

Anaitwa Mariette, yeye naye anaacha chakula mu sufuria. Nilikuja naye, tukala maharagi ya zamani. Siku ya tano tutarudi.

Shangazi yako,
Nyirabizimana